Pesa imeingia PayPal, biashara imekwisha? Dhana potofu za wauzaji wadogo

Muuzaji wa vyondo aliye Machakos au wa vinyago vya mawe ya Kisii aliye Tabaka anaweza leo kumuuzia mteja wa Ujerumani bila duka wala dalali. Mteja analipa kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, salio linapanda, mzigo unafungwa na kupelekwa Posta. Kasheshe huanza wiki kadhaa baadaye, mteja anapodai hajapokea kitu, au amepokea lakini rangi siyo ile aliyoiona kwenye picha. Hapo ndipo sera ya kumlinda mnunuzi inapoanza kufanya kazi, na dhana nyingi ambazo wauzaji huambiana zinaporomoka.

Tarakimu za ada na viwango zilizo hapa chini ni za masharti ya PayPal ya Marekani. Nchi nyingine mfumo ni uleule ila viwango hutofautiana, kwa hiyo soma ukurasa wa ada wa akaunti yako mwenyewe.

Dhana: Nikishahamishia pesa M-Pesa, hakuna wa kuzirudisha

Mnunuzi ana siku 180 tangu siku aliyolipa za kufungua malalamiko. Kiasi kinachogombaniwa huzuiwa hata kama akaunti haina kitu, na akishinda, salio lako linakuwa hasi. Malipo ya mteja anayefuata yanamezwa na deni, nawe unabaki na oda ya mtu asiye na kosa na huna hela ya kununulia katani wala nauli ya mzigo. Wauzaji wengi wadogo huangukia hapa: ugomvi wa bidhaa moja unazaa wa pili na wa tatu kwa sababu mzunguko wa pesa umekatika.

Aliyelipa kwa kadi ana mlango wa pili, nao ni benki yake. Kwa Visa, malalamiko mengi huruhusiwa ndani ya siku 120. Kwa mzigo ambao haukufika, siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ambayo mteja alitarajia kuupokea, ilimradi zisivuke siku 540 tangu muamala. Ukiandika "mzigo utafika baada ya miezi mitatu", umejiongezea miezi mitatu ya kudaiwa.

Dhana: Kuna ulinzi wa muuzaji pia, basi nikituma nilichouza niko salama

Malalamiko ni ya aina tatu. Ya kwanza, "sikupokea mzigo". Ya pili, "si mimi niliyelipa", yaani akaunti au kadi ilitumiwa na mwizi. Ya tatu, "nilichopokea si kile nilichoelezwa". Ulinzi wa muuzaji wa PayPal unagusa mbili za kwanza peke yake. Ya tatu haimo kabisa, hata ukiwa na risiti za Posta zinazojaza kabati.

Na hiyo ya tatu ndiyo inayowaandama wauza kazi za mikono. Kiondo kilichopakwa rangi ya mizizi hakitoki sawa na mwenzake. Jiwe la Kisii lina mishipa ya waridi au ya kijivu ambayo mchongaji hawezi kuiamuru. Mteja anayezoea bidhaa za kiwandani anaona tofauti hiyo kama udanganyifu. Kitu kilichovunjika njiani nacho huingia kundi hilihili: anayekata kesi haangalii ni nani aliyeutupa mzigo kwenye lori, anaangalia kilichofika mkononi mwa mnunuzi.

Kinga yake huandikwa kabla ya kuuza, kwenye maelezo ya bidhaa. Weka vipimo kwa sentimita: kipenyo cha mdomo, kimo, urefu wa mkanda. Taja uzito kwa gramu na malighafi kwa jina lake. Ukiandika "ngozi" kumbe mkanda ni plastiki, umeshindwa kesi kabla haijafunguliwa. Piga picha ya kipande kilekile kitakachotumwa, mchana, kando ya dirisha, bila kunogesha rangi. Kama unauza kwa picha ya mfano, sema hivyo wazi na uoneshe vipande vitatu vinne vya rangi tofauti ili mteja aone ukingo wa tofauti yenyewe. Ufa, kovu la patasi, harufu ya moshi, vyote viandikwe. Masharti ya PayPal yanasema kasoro iliyoelezwa vizuri na muuzaji haihesabiwi kuwa udanganyifu, wala mnunuzi kubadili mawazo si sababu. Lakini maelezo ya mstari mmoja, "kiondo kizuri cha asili", hayampi mwamuzi kitu cha kushika.

Dhana: Mteja akishinda, anabaki na mzigo na pesa

Hutokea, ila si kanuni. Kwenye malalamiko ya "si kile nilichoelezwa", PayPal yaweza kumtaka mnunuzi arudishe mzigo kwanza kwa gharama yake, tena kwa njia yenye namba ya kufuatilia, ndipo apewe pesa. Nauli ya kurudisha kifurushi kutoka Hamburg hadi Kenya inaweza kukaribia bei ya kiondo chenyewe, na wapo wanunuzi wanaoacha hapo.

Mtego uko kwenye anwani. Ni wewe unayetakiwa kutoa anwani ya kurudishia, na ikiwa na kosa, mnunuzi anahesabiwa ametimiza wajibu wake. Kwetu wengi tuna S.L.P. tu. Posta itapokea, lakini kampuni nyingi za kubeba vifurushi hazipeleki kwenye sanduku la barua. Toa anwani mbili: sanduku kwa anayetumia posta, na jina la jengo, barabara, mji na namba ya simu kwa anayetumia kampuni binafsi. Mambo haya yanaonekana madogo hadi siku kifurushi kinapozurura Nairobi kikitafuta mwenyewe.

Dhana: Risiti ya Posta inatosha kuthibitisha

Inathibitisha kuwa umetuma. Kwa dai la "si mimi niliyelipa", ushahidi wa kutuma unaweza kutosha. Kwa dai la "sikupokea", kinachotakiwa ni ushahidi wa kufika: tarehe, hali inayosema mzigo umekabidhiwa, na anwani inayoonesha angalau mji au msimbo wa posta wa mpokeaji. Muamala ukifika dola 750, nauli ikiwemo, inahitajika na sahihi ya aliyepokea.

Soma namba uliyopewa dirishani kabla hujaondoka. Namba za posta za kimataifa zina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, kwa Kenya KE. Inayoanza na E ni ya EMS (huduma ya haraka ya posta), R ni rejesta, C ni kifurushi. Ikianza na U, hiyo ni barua ya kawaida isiyo na ufuatiliaji hadi mlangoni, na kwenye kesi haina nguvu. Tofauti ya nauli kati ya U na R mara nyingi ndiyo "akiba" inayomfilisi muuzaji.

Namba hiyohiyo hufanya kazi kwenye tovuti ya posta ya nchi unakopeleka, na huko ndiko neno "umekabidhiwa" huonekana mapema na kwa uwazi zaidi. Siku litakapoonekana, piga picha ya skrini na uihifadhi pamoja na oda. Taarifa za ufuatiliaji huweza kufutwa baada ya miezi kadhaa, na mnunuzi ana siku zake 180.

Dhana: Kumsaidia mteja kubadili anwani ni huduma nzuri

Ni huduma inayokuvua ulinzi wote. Mzigo lazima uende kwenye anwani iliyo kwenye ukurasa wa muamala, neno kwa neno. Ujumbe wa "nimehama, tuma kwa dada yangu" unaweza kuwa wa kweli, na unaweza kuwa wa mwizi aliyeiba akaunti; hutaweza kutofautisha. Dawa yake: rudisha malipo kwa kitufe cha kurejesha kilicho kwenye muamala huohuo, kisha mwombe alipe upya akiwa ameweka anwani mpya. Anayekataa kufanya hivyo amekujibu.

Anayekuja kuchukua mwenyewe ni vilevile. Mkikutana Westlands, Nairobi, ukampa mkononi, hakuna namba ya kufuatilia. Alipe kwa M-Pesa au taslimu.

Dhana: Ushuru ni shida ya mteja, mimi haunihusu

Kwa kawaida analipa yeye. Kwenye kesi, gharama inaweza kukurudia wewe. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vya chini ya euro 22 tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ikaondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya hadi dola 800 mwishoni mwa Agosti 2025. Mteja anayedaiwa kodi asiyoitarajia anaukataa mzigo. Mzigo unarudi au unatelekezwa. Ufuatiliaji hauoneshi "umekabidhiwa". Naye anafungua malalamiko. Andika kwenye ukurasa wa bidhaa, na tena kwenye ujumbe wa kuthibitisha oda, kuwa kodi za forodha hazimo kwenye bei. Jaza fomu ya forodha kwa bei halisi. Kuandika dola 5 kwa kitu cha dola 60 ili "kumsaidia" ni udanganyifu mbele ya forodha, na siku mzigo ukipotea fidia huhesabiwa kwa hizo dola 5.

Dhana: Nikinyamaza, malalamiko yatajifia

Yanaweza kujifia, lakini yakiwa hatua ya kwanza tu. Mnunuzi akifungua malalamiko, mna siku 20 za kuzungumza. Asipoyapandisha kuwa dai rasmi ndani ya siku hizo, yanafungwa na hayafunguliwi tena PayPal. Akiyapandisha, kwa kawaida una siku 10 za kujibu. Ukipitisha hizo, kesi huamuliwa kwa faida yake bila mtu kusoma ulichokuwa nacho. Barua pepe ya taarifa hupenda kuangukia kwenye taka, hivyo ingia kwenye akaunti angalau mara mbili kwa wiki.

Jibu lako liwe fupi: namba ya kufuatilia, picha ya hali ya mzigo, maelezo ya bidhaa yalivyokuwa siku ya mauzo, na mazungumzo yenu. Hasira hazisomwi.

Dhana: Nikimwambia alipe kama rafiki, hana pa kulalamikia

Ni kweli malipo ya marafiki na familia hayana ulinzi wa mnunuzi. Lakini kuyatumia kwa bidhaa ni kuvunja masharti, na PayPal yaweza kuibana akaunti. Ulinzi wako nao unapotea. Tena aliyelipa kwa kadi bado anaweza kwenda benki. Umeokoa ada ya muamala mmoja ukaweka rehani akaunti nzima.

Dhana: Msimbo wa siri wa benki unazuia madai yote ya kadi

Kwa wenye tovuti zao: mteja anapothibitisha malipo kwa msimbo au programu ya benki yake, mzigo wa hasara ya wizi wa kadi kwa kawaida huhamia kwenye benki iliyotoa kadi. Unahama huo tu. Madai ya "sikupokea" na "si kile nilichoelezwa" yanabaki palepale mlangoni kwako.

Dhana: M-Pesa haina mambo ya kurudisha pesa

Ina. Mteja wa Safaricom huanzisha ombi la kurudishiwa kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwenye 456, na wapo wanaofanya hivyo makusudi wakiwa wameshabeba bidhaa. Kupokea kwa Pochi la Biashara, huduma ya Safaricom ya kupokelea malipo ya wafanyabiashara wadogo, kunasaidia, kwa kuwa malipo yake hayarudishwi bila muuzaji kuhusishwa. Ujumbe wa malipo ulio kwenye simu ya mteja si ushahidi hata kidogo. Angalia salio kwenye simu yako.

Dhana: Kila dai lipiganiwe hadi mwisho

Piga hesabu kwanza. PayPal hutoza dola 15 kwa dai unaloshindwa, na dola 30 kwa muuzaji mwenye mauzo zaidi ya 100 kwa miezi mitatu huku madai yakifika asilimia 1.5. Kwa malipo ya kadi yasiyopitia akaunti ya PayPal ya mteja wala ukurasa wa PayPal wa kulipa kama mgeni, mteja akienda benki ada ni dola 20, isipokuwa muamala uwe umekidhi masharti ya ulinzi wa muuzaji. Tangu 2019 ada ya muamala wenyewe nayo hairudi hata ukirejesha pesa yote. Malalamiko mnayoyamaliza wenyewe kabla hayajawa dai rasmi hayana ada hiyo ya 15.

Kwa hiyo kiondo cha dola 60 kilichofika na mkanda uliofumuka, huna hoja ya kushinda; kumpunguzia dola 15 siku ileile aliyoandika ni nafuu kuliko kungoja. Akidai hakupokea mzigo wa dola 60 uliokabidhiwa mlangoni, na ufuatiliaji unaonesha hivyo, usitoe hata senti. Na ukikubali kurejesha, tumia kitufe cha kurejesha kwenye muamala uleule. Anayekuambia "nitumie kwa njia nyingine, halafu nifunge malalamiko" anaweza kupokea hizo, kisha akaenda benki kuchukua za kwanza.