Faili Halionekani kwenye Seva? Kagua Amri Kabla ya Kusema Limefutwa

Mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 Juni, sisi wa TEHAMA hapa Dar es Salaam hupigiwa simu za aina moja: faili limefutwa kwenye seva. Mara nyingi halijafutwa. Amri ya kulitafuta ndiyo imekosewa, na kwenye Linux amri yenye kosa inaweza kumaliza kazi kimya kimya bila kukuletea kitu.

Kosa linalosumbua kuliko yote ni nyota (*), alama inayosimama badala ya jina lolote, isiyofungwa kwa alama za nukuu. Mtu wa masjala anaandika:

find /data/masjala -name *.pdf

Anadhani find ndiyo inayoisoma ile nyota. Sivyo. Kabla find haijaanza kazi, bash, yaani programu inayopokea amri zako, huangalia kwanza folda uliyomo. Ikikuta humo PDF moja, tuseme ilala.pdf, inaiweka mahali pa nyota, na find inatumwa kutafuta ilala.pdf peke yake. Zikiwa mbili, amri inakataliwa. Isipokuwepo hata moja, nyota inaachwa kama ilivyo na majibu yanakuja sawasawa. Ndiyo maana amri iliyokubali jana inagoma leo, kisa umehamia folda nyingine. Weka alama za nukuu, kila mara:

find /data/masjala -name '*.pdf'

Bado hulioni? Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na zipo skana zinazoandika .PDF. Badili -name iwe -iname.

Amri nyingine ya kutafuta faili kwa jina, locate, ina haraka kwa sababu haipekui diski; inasoma orodha iliyoandaliwa, kwa kawaida mara moja kwa siku. Barua iliyoskaniwa asubuhi hii huenda haimo. Endesha sudo updatedb, kisha tafuta tena.

Wapo wanaoongeza 2>/dev/null ili ujumbe wa kunyimwa ruhusa usiwajazie skrini. Siwashauri kuanza hivyo. Ujumbe huo unakutajia folda ambayo find imezuiwa kuingia, na pengine faili limo humo humo. Mpelekee msimamizi wa seva.

Kutafuta maneno yaliyo ndani ya faili ni kazi ya grep, lakini kwa maandishi matupu tu. PDF na docx kwa kawaida hubana maandishi yake, hivyo grep huyapita bila kuyaona. PDF ipitishe kwanza kwenye pdftotext, programu inayotoa maandishi yaliyo ndani ya PDF. Ikitoka tupu, ujue kurasa hizo ni picha za skana, na zinahitaji programu ya kusoma herufi kama Tesseract.