Kihispania "Safi" Hakipo: Dhana Potofu Ambazo Nimechoka Kuzisikia

Karibu kila mtu mzima anayenijia akitaka kujifunza Kihispania huniwekea sharti kabla hata hajaulizia ada: nimfundishe Kihispania "safi", yaani cha Madrid, wala nisimchanganyie "kile kilichoharibika" cha Amerika ya Kilatini. Nikimuuliza anakusudia kusafiri kwenda wapi, aghalabu hutaja Meksiko, Kolombia au Kuba. Nimelisikia sharti hilo mara nyingi mno, na sasa nimeona bora niliandikie jibu la mara moja, kisha nipitie kwa ufupi dhana nyingine chache zinazoandamana nalo.

Tuanze na hesabu. Kihispania ndicho lugha ya serikali, au mojawapo ya lugha zake, katika nchi 20, na kati ya hizo 18 ziko Amerika, moja iko Ulaya, na moja, Guinea ya Ikweta, iko hapa Afrika. Meksiko peke yake ina watu wapatao milioni 130, na Kolombia ina zaidi ya milioni 50, idadi ambayo Hispania yenyewe haijaifikia. Anayesema kwamba lugha ya umati wote huo imeharibika, na kwamba ya wachache ndiyo nzima, anapaswa kutueleza imeharibiwa na nani na kwa kipimo gani. Hata Akademia ya Kifalme ya Hispania, chombo cha kusimamia lugha kilichoanzishwa mwaka 1713 na ambacho wanafunzi wangu hukitaja kana kwamba ni mahakama ya rufani, haina tena dai hilo. Tangu 1951 ipo jumuiya ya akademia za lugha ya Kihispania, ambayo leo ina wanachama 23, ikiwamo akademia ya Guinea ya Ikweta iliyopokelewa mwaka 2016, na sarufi kubwa iliyoanza kuchapishwa 2009 ni kazi ya akademia hizo zote kwa pamoja, nayo inakiri kwamba usahihi wa Kihispania una vitovu vingi.

Hoja yao ya pili ni ya matamshi. Madrid, herufi z, na pia c inayofuatwa na e au i, hutamkwa kwa ulimi katikati ya meno kama mwanzo wa neno "thelathini", ilhali katika Amerika yote husikika s tu. Wanafunzi hudhani kwamba watu wa Amerika waliipoteza sauti hiyo kwa uvivu. Mambo hayakwenda hivyo. Safari za karne ya 16 za kwenda Amerika zilianzia Sevilla, kusini mwa Hispania, ambako tangu 1503 kulikuwa na ofisi ya kifalme iliyosimamia biashara na safari za ng'ambo, na wasafiri wengi walikuwa watu wa Andalusia, eneo hilohilo la kusini, au walipitia Visiwa vya Kanari, maeneo ambayo tofauti ya sauti hizo ilikuwa tayari inafutika. Sauti ya th ya Madrid yenyewe ilikomaa baadaye, kufikia karne ya 17, kwa hiyo haiwezekani kwamba watu wa Amerika walipoteza kitu ambacho mababu zao hawakuondoka nacho. Mpaka leo mwenyeji wa Visiwa vya Kanari, ambaye ni raia wa Hispania kwa kila hali, husema s. Ama ile hadithi ya mfalme mwenye kithembe ambaye watumishi wake walimwiga, ningependa nisiisikie tena: kithembe kingeikumba na s pia, lakini huko Madrid "casa", yaani nyumba, na "caza", yaani uwindaji, hutamkwa kwa namna mbili tofauti bila taabu yoyote. Mtu wa Buenos Aires naye hucheka anapoambiwa kwamba "vos" yake, yaani "wewe", ni lugha ya mitaani, kwa kuwa neno hilo lilitumika Hispania yenyewe zamani za safari hizo, likafa huko, likabaki kwake.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuhitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikausimamia usanifishaji huo, lakini mtu wa Mombasa au wa Lamu hatakubali kuambiwa kwamba Kimvita au Kiamu ni Kiunguja kilichoharibika, na ana haki ya kukasirika.

Madhara ya dhana hii huonekana mezani kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sarufi ya Kihispania ni ileile kwa sehemu kubwa kutoka Bilbao hadi Santiago ya Chile, ila msamiati wa jikoni na wa njiani hubadilika kila mpaka unapovukwa. Maharage ni "judías" au "alubias" Hispania, "frijoles" Meksiko, "porotos" Chile na Ajentina, "caraotas" Venezuela, "habichuelas" Puerto Rico. Parachichi ni "aguacate" kwa Mhispania na kwa Mmeksiko, lakini ni "palta" kwa Mperu na kwa Mchile. Ukiagiza "tortilla" Madrid utaletewa kimanda kinene cha mayai na viazi. Ukiagiza neno hilohilo Meksiko utaletewa chapati nyembamba za mahindi. Basi la mjini ni "guagua" Kuba, na neno hilo hilo Chile ni mtoto mchanga. Kitenzi "coger", ambacho Madrid hutumika mchana kweupe kwa maana ya kushika au kupanda basi, ni tusi la kitandani Meksiko na Ajentina, nami sioni kwa nini mtu anayekwenda Meksiko afundishwe kwanza neno hilo ati kwa sababu ndilo la "Kihispania safi".

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa wanafunzi wangu wengi ni Waislamu, ni "manteca". Hispania na Meksiko neno hilo humaanisha mafuta ya nguruwe. Ajentina na Uruguay humaanisha siagi. Aliyekariri tafsiri moja tu atakataa mkate wa siagi Buenos Aires bila sababu, au, ikiwa alijifunzia Ajentina, atakula maharage yaliyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe huko Meksiko akidhani ni siagi. Kwa kisa kama hicho, "usafi" wa lugha haumsaidii mtu hata kidogo.

Ushauri wangu ni huu, nao nausisitiza kuliko kawaida yangu. Chagua nchi moja, jifunze Kihispania cha nchi hiyo kwa matamshi yake na kwa viwakilishi vyake, na usiruke ruke. Mwezi mmoja kabla ya safari, tafuta menyu za migahawa ya kawaida ya mji unaokwenda, zile wanazobandika wenyewe kwenye mtandao, uzisome kwa sauti neno kwa neno mpaka ujue kila chakula kimetengenezwa kwa nini. Kisha ukariri swali moja, "¿Qué lleva?", yaani kuna nini ndani yake, ambalo linaeleweka kote na lina faida kuliko salamu kumi za kitabuni. Na anayehofia mtihani atulie: mtihani wa DELE wa Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha yake, humruhusu mtahiniwa kutumia Kihispania cha nchi yoyote alimradi asichanganye ovyo, na ule wa SIELE, ulioanza 2016, huandaliwa na taasisi hiyo pamoja na vyuo vikuu vya Salamanca, Buenos Aires na UNAM cha Meksiko.

Dhana nyingine nitazimaliza haraka zaidi. Wapo wanaoamini kwamba chakula cha watu wanaosema Kihispania ni kikali kwa pilipili. Hao wameona picha za Meksiko wakazitandaza juu ya nchi zote. Chakula cha Hispania kwa kawaida hakiwashi. "Pimentón" inayotiwa humo mara nyingi ni pilipili tamu au iliyokaushwa kwa moshi, na Mswahili aliyezoea pilipili mbuzi atamaliza wiki nzima Madrid akitafuta kitu cha kumchangamsha. Nyama choma ya Ajentina hutegemea chumvi na moto. Ukali wa kweli utaupata Meksiko, na pia Peru kwenye pilipili iitwayo "rocoto", ingawa hata Meksiko mchuzi mkali mara nyingi huwekwa pembeni ili kila mtu ajitilie kadiri anavyotaka. Kinachowashangaza wanafunzi wangu wakifika ni jinsi vyakula vya Karibi na Amerika ya Kati vinavyofanana na vya kwao: muhogo, ndizi mbichi zilizopondwa na kukaangwa, ambazo Kolombia huitwa "patacones" na Kuba "tostones", na wali kwa maharage, unaoitwa "gallo pinto" huko Kosta Rika na Nikaragua.

Halafu kuna wanaosema kwamba ukitamka "sin carne" umekwisha kujikinga na nguruwe. Hujajikinga. Katika migahawa mingi ya Hispania "carne" hueleweka kuwa kipande cha nyama, na saladi "isiyo na nyama" yaweza kukujia na jodari au hata na vipande vya "jamón", paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi; dengu nazo hupikwa mara nyingi pamoja na soseji ya "chorizo". Andazi la "ensaimada" la Mallorca limepata jina lake kutokana na mafuta ya nguruwe yanayopakwa ndani yake, na mwenye kuliangalia kwa macho hawezi kujua. Sema "no como cerdo", taja "jamón", "tocino" na "chorizo" kwa majina, na badala ya "manteca" sema "grasa de cerdo", ambayo haina maana mbili popote.

Wengine huniambia kwamba Kihispania ni chepesi kwa Mswahili kwa kuwa husomwa kama kinavyoandikwa. Nusu ya maneno hayo ni kweli: irabu tano ni zilezile zetu, ñ ni ny tu, na mtu aliyekulia katika ngeli za Kiswahili hashtuki akiambiwa kivumishi lazima kipatane na nomino. Tatizo liko kwenye mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, nasi tunauhamisha pamoja nasi bila kujua, wakati Kihispania huuhamisha na pamoja nao hubadilisha maana. "Papa" ni kiazi huko Amerika ya Kilatini, "papá" ni baba. "Hablo" ni nasema, "habló" ni alisema. Mteja anayetaka kumwambia mhudumu "pagué", nimekwisha kulipa, akauvuta mkazo nyuma kwa mazoea ya kwao, anakuwa amesema "pague", yaani lipa wewe, na mhudumu atamtazama kwa namna ambayo haistahili kuelezwa hapa. Kwa hiyo nakataa kabisa wanafunzi wasiandike alama za mkazo kwa kisingizio kwamba simu zao hazina herufi hizo. Zinazo.

Kuhusu "ser" na "estar", vitenzi viwili vyenye maana ya "kuwa", kanuni ya vitabu rahisi kwamba ya kwanza ni ya mambo ya kudumu na ya pili ni ya mambo ya muda itupwe. Madrid haihami, lakini husemwa "Madrid está en España", yaani kwa "estar". Maiti hafufuki, lakini husemwa "está muerto". Saa tisa hupita upesi, lakini husemwa "son las tres", yaani kwa "ser". Mezani inatosha kujua kwamba chakula unachokila sasa hivi husifiwa kwa "está rico", yaani ni kitamu.

Mwisho ni saa za kula. Msafiri anayefika Hispania akitaka chakula cha mchana saa sita na cha usiku saa moja atakuta jiko limefungwa, kisha ataandika kwamba huduma ni mbovu. Wahispania hula mchana kati ya saa nane na saa kumi, na usiku huanza saa tatu. Chakula cha bei nafuu ni cha mchana, hasa siku za kazi: kwa bei moja hupewa sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na kitindamlo au kahawa. Huo ndio unaoitwa "menú del día", na kwa sababu hiyo mtu akiomba "el menú" Hispania ataeleweka kuwa anataka chakula hicho. Orodha ya vyakula yenyewe huombwa kwa kusema "la carta".