Shotgani ya bei nafuu: acha nakshi, tazama kufuli

Siku hizi ukilaza shotgani mbili mezani, ya bei ya juu na ya bei nafuu, macho peke yake hayatakuambia ipi ni ipi. Nakshi huchorwa na mashine ya leza kwa dakika chache, kitako hupakwa vanishi kikang'aa, chuma hutiwa weusi wa kupendeza. Hayo yote ni rahisi kiwandani. Kilicho ghali ni chuma kilichotiwa moto na kupozwa kwa kipimo sahihi, springi isiyolegea baada ya misimu michache, na saa za fundi anayepiga tupa ndoano ya kufuli, yaani kile kinachobana mtutu kwenye mtambo, mpaka ikae. Kiwanda kinachotaka kushusha bei hupunguzia hapo, mahali ambapo mnunuzi hatazami.

Mimi hukagua silaha za wenye leseni hapa Dodoma na mikoa jirani: wakulima wa Bahi na Chamwino wanaosumbuliwa na nyani na ngiri, wafugaji wa Manyoni wanaopambana na fisi, kampuni za ulinzi za mjini. Wengi wao hawana fedha za bunduki iliyotengenezwa kwa mkono Uingereza, wala hawaihitaji. Wanachohitaji ni bunduki itakayopiga kila triga inapovutwa, na isiyopiga kamwe isipovutwa. Kitu cha namna hiyo kinapatikana kwa bei ya chini, ila lazima ujue unatafuta nini. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari yuko katika utaratibu wa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na ukaguzi ninaoueleza ufanyike kwa muuzaji mwenye leseni, bunduki ikiwa tupu. Ifungue, tazama chemba, yaani mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ingiza kidole, kisha ndipo uanze.

Jambo la kwanza ni aina. Fedha ndogo hufika mbali zaidi kwenye mtambo wenye vipande vichache. Shotgani ya mtutu mmoja ya kuvunja, ile ambayo mtutu huinama ili upakie, ina nyundo, pini, springi na kufuli, basi. Ndiyo maana bunduki za Baikal kutoka Izhevsk, Urusi, zimejijengea heshima kubwa kuliko bei yake: ni nzito, mbao yake haina uzuri wowote, lakini ndani ya mtutu zimepakwa kromu na kufuli lake ni imara. Ya mitutu miwili kwa bei ileile inamlazimu mtengenezaji agawe fedha zilezile katika kazi maradufu. Pampu, ile unayopakia kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele, inakaa katikati. Zile zinazojipakia zenyewe, kwa bei ya chini kabisa, mimi huwa sizipendekezi kwa vumbi letu. Ziko nzuri na ziko mbaya zilizotoka mlango mmoja, na mnunuzi hana namna ya kuzitofautisha dukani.

Kuhusu bunduki za Uturuki nataka niseme kwa haki, maana zinasemwa vibaya jumla jumla. Sehemu kubwa hutoka Huğlu na Üzümlü, miji miwili ya mkoa wa Konya ambako ufundi wa bunduki hurithiwa. Kuna karakana nyingi huko, na karakana moja inaweza kuuza bunduki ileile kwa majina kadhaa ya kibiashara. Kwa hiyo jina lililoandikwa ubavuni halisemi mengi. Kagua hiyo bunduki iliyo mkononi mwako, siyo nchi yake.

Kwa ya kuvunja, anzia kwenye kufuli. Toa kishikio cha mbele, kile cha mbao chini ya mtutu, halafu ifunge bila hicho. Springi ya kishikio husukuma mtutu nyuma na kuficha ulegevu, na muuzaji mjanja anajua hilo. Sasa shika shingo ya kitako na uitikise. Isicheze hata kidogo, wala isitoe mlio. Inyanyue kuelekea dirishani utazame mahali mtutu unapokutana na uso wa mtambo: ukiona mwanga unapita, irudishe. Kisha tazama ile swichi ya juu ya kufungulia. Kwenye bunduki nyingi ikiwa mpya hukaa imeelekea kulia kidogo. Kadiri kufuli linavyolika, swichi husogea katikati na hatimaye hupita kushoto. Iliyotumika ambayo swichi yake bado iko kulia inakuambia ukweli kuliko maneno ya mwenyewe.

Ya mitutu miwili ina kipimo kingine ambacho hakigharimu kitu. Chomoa mitutu kutoka kwenye mtambo, ining'inize kwa kidole kupitia ndoano yake ya chini, uigonge taratibu kwa kipande cha mti. Ikilia kama kengele, ubapa unaoiunganisha umechomelewa vizuri. Ikikwaruza au ikatoa mlio uliokufa, kuna mahali pameachia, unyevu utaingia humo na kutu itaanza usipoiona.

Kwenye pampu, watu hunishangaza kwa kuidharau Mossberg 500 eti kwa sababu kasha la mtambo ni la aluminiamu, na kuisifu Remington 870, iliyoanza 1950, kwa sababu lake ni la chuma. Katika zote mbili, kinachobeba mlipuko ni bolti, kipande kinachoziba nyuma ya chemba, inayojifunga kwenye chuma cha mtutu wenyewe. Kasha linashikilia tu mambo pamoja. Mahali pa kutazama ni chemba. Chemba iliyomalizwa haraka huwa na mistari ya mashine, na risasi za bei nafuu ambazo kikombe chake ni cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba hunasa humo zikipata moto. Mwenye bunduki atalaumu kitoa maganda, kumbe tatizo ni ukwaru. Mulika tochi ndogo. Kama ni ukwaru tu, fundi anausugua. Kama ni kutu iliyokula vishimo, achana nayo.

Sasa mihuri, na hapa naomba usome polepole. Nchi nyingi za Ulaya zimo katika CIP, chombo cha kimataifa chenye makao Brussels kilichoanza 1914. Kila bunduki hupigwa kwa risasi yenye nguvu kupita kawaida, na ikistahimili hugongwa muhuri: Birmingham, London, Liège, Gardone kule Italia, na kwingineko. Risasi ya kawaida ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) inaruhusiwa kufika mgandamizo wa bar 740. Ile ya nguvu zaidi, 1050. Bunduki iliyojaribiwa kwa risasi za nguvu zaidi zenye marisau (vile vidonge vidogo vya ndani) ya chuma huwa na alama ya ua la yungiyungi. Bila alama hiyo usizipige hizo; salama zaidi ni marisau ya madini laini ya risasi, yaani ledi.

Karibu na mihuri hiyo utakuta 12/65, 12/70 au 12/76. Namba ya pili ni urefu wa chemba kwa milimita. Bunduki za Kiingereza za enzi ya ukoloni, ambazo bado zinarithiwa vijijini kihalali, nyingi ni za 65. Hatari ni kwamba risasi ya 70 inaingia humo bila shida, kwa sababu 70 ni urefu wa ganda likishafunguka. Linapopigwa halina pa kufungukia, na mgandamizo unapanda. Kuingia hakuthibitishi kitu. Vivyo hivyo usichanganye geji: risasi ya geji 20 ikitumbukia kwenye bunduki ya 12 hukwama mbele kidogo ya chemba, huioni, unapakia ya 12 nyuma yake. Ndiyo sababu za geji 20 kwa desturi hutengenezwa za manjano.

Triga ipime kwa mizani ya kuning'iniza ya sokoni, bunduki ikiwa na risasi bandia. Inayoachia chini ya kilo moja na nusu siikubali kwa kazi ya shamba. Halafu, ikiwa tupu na nyundo zimepandishwa, fungua kifunga usalama na uidundishe kitako kwenye kipande cha tairi. Isifyatuke. Kipimo hiki usikiruke, kwa sababu kwenye bunduki nyingi za bei nafuu kifunga usalama huzuia triga tu, hakiishiki nyundo. Ndoano ya ndani inayoshika nyundo ikiwa imelika, kifunga kinaweza kuwa kimewekwa sawasawa na bado ikafyatuka ikianguka.

Hali ya hewa yetu ina adabu zake. Kitako kilichokaa miaka Tanga au Dar es Salaam kikipandishwa Dodoma kiangazi, mbao hukauka na kusinyaa, skrubu hulegea, na nyufa huanza nyuma tu ya chuma. Tazama hapo kabla ya kulipa. Mafuta mazito nayo hukusanya vumbi likawa tope la kusaga chuma. Paka membamba, kisha ufute mpaka karibu pakavu. Na kabla ya kupakia bunduki iliyolala muda, chungulia mtutu mzima. Nyigu hujenga udongo humo, na mtutu ulioziba hupasuka, uwe wa bei gani.

Ukimaliza yote hayo, omba kuipiga kwenye eneo linaloruhusiwa. Bandika karatasi kubwa umbali wa mita 36, piga, kisha chora duara la sentimita 76 pale marisau yalipojaa zaidi. Mtutu wenye mbano kamili mdomoni, ule mafundi wanaouita choki, unapaswa kuingiza humo takribani asilimia 70 ya marisau. Wa nusu, 60. Usio na mbano, 40. Ya mitutu miwili ipige kila mtutu kwa alama ileile. Hapa ndipo nyingi za bei nafuu huanguka: mtutu mmoja unapiga katikati, mwingine futi nzima kushoto. Hilo limechomelewa kiwandani na hakuna fundi wa Dodoma atakayelirekebisha kwa gharama inayofaa.

Mwisho muulize muuzaji akuoneshe pini na springi za akiba za modeli hiyo, azishike mkononi, siyo aahidi kuagiza. Mimi nikiwekewa pampu mpya yenye nakshi isiyo na vipuri, pembeni yake mtutu mmoja wa Kirusi uliotumika, kufuli limekaza na chemba safi, nitachukua huo wa Kirusi, na fedha itakayobaki niinunulie risasi za kujaribia karatasi.