Yoyo yenye kasi nayo huwa laini

Video ya mashindano ya yoyo, kile kichezeo cha visahani viwili kinachopanda na kushuka kwa uzi, ikianza kusambaa kwenye simu, hukumu huwa ni ileile: huyu ana kasi, yule ana ulaini na staili. Utadhani mchezaji akichagua kimoja amekiaga kingine. Juzi nimeisikia tena kutoka kwa mtu anayewafundisha watoto kurusha yoyo, na watoto wakishaishika hivyo ni kazi kuwatoa.

Maana zenyewe hazihitaji maneno mengi. Kasi ni wingi wa miondoko ndani ya muda fulani. Ulaini ni jinsi mwondoko mmoja unavyoingia kwenye mwingine bila mshtuko wala kusita. Staili ni uchaguzi wa mchezaji: mbinu zipi afanye, asimameje, muziki autumieje.

Tatizo ni kwamba mchezo wa polepole huonekana laini hata usipokuwa laini. Jicho linapata nafasi ya kufuata uzi, mtazamaji anaridhika, basi anasema ni laini. Lakini tazama kiganja. Wapo wanaokwenda taratibu huku wakiuvuta uzi kwa mshtuko kila wanapotaka kurekebisha yoyo iliyotua vibaya kwenye uzi, na wengine husimama kidogo kabla ya kila hatua kama wanaoikumbuka. Huo ni mwendo wa polepole wenye mikwaruzo. Msusi hodari vidole vyake hukimbia, na bado kila msuko unabanwa sawasawa. Anayejifunza huenda taratibu, hapa amevuta, pale amelegeza.

Na ulaini si pambo. Yoyo inayotumika katika kitengo cha 1A, yaani yoyo moja yenye uzi uliofungwa kidoleni, hairudi mkononi kwa kuvutwa tu. Ina beringi katikati, kile kipande kinachoiacha izunguke bila kukwama, na pengo pana kati ya visahani vyake viwili, huzunguka mwishoni mwa uzi mpaka mchezaji aukunje na kuubana ndani kwa makusudi ndipo ipande. Kwa hiyo mzunguko wa ule mrusho wa kwanza ndio akiba anayoitumia katika mfululizo mzima wa mbinu. Uzi ukisugua ukuta wa ndani wa kisahani kimoja, akiba inaliwa. Kibaya zaidi, yoyo huanza kugeuza mhimili wake na kuinama. Ikishainama, uzi unasugua zaidi, nayo inazidi kupoteza mzunguko. Mchezaji wa polepole anaweza kugeuka na mwili wake kuifuata yoyo iliyopinda, akaokoa mbinu. Mwenye kasi hana muda huo. Yeye ndiye anayeuhitaji ulaini kuliko wote, maana bila huo mbinu inamfia katikati.

Hiroyuki Suzuki wa Japani alikuwa bingwa wa dunia wa 1A mwaka 2004, 2005 na 2006, kisha akautwaa ubingwa tena 2012. Jina lake likitajwa, neno la kwanza ni kasi, na ni haki yake. Ila punguza mwendo wa video zake uone uzi unavyokaa pale unapotakiwa kukaa. Gentry Stein wa Marekani, bingwa wa 2014 mjini Prague na 2019 mjini Cleveland, yeye husifiwa kwa utulivu na udhibiti, halafu watu wanahitimisha kwamba ni mchezaji wa taratibu. Sivyo hata kidogo. Mikono yake huenda mbio, bega ndilo lililotulia.

Kanuni zilizotumika kwa miaka mingi kwenye mashindano ya dunia hazikuvipambanisha vitu hivi pia. Katika fainali mchezaji alikuwa na dakika 3. Alama 60 zilitokana na utekelezaji wa mbinu: majaji walibonyeza kihesabio kila kipengele kilipofanikiwa, na walibonyeza cha kutoa alama alipokosea. Ugumu ulihesabiwa, na kurudia mbinu ileile hakukumwongezea kitu, kwa hiyo kukimbia tu hakukutosha. Alama 40 zilikuwa za tathmini, na humo mlikuwa na udhibiti wa yoyo, utofauti wa mbinu, matumizi ya muziki, udhibiti wa mwili na mvuto jukwaani. Yoyo ikiacha kuzunguka bila kukusudiwa, ulikatwa alama. Mkwaruzo basi unakuumiza kote kote: kwenye tathmini, na kwenye mbinu ambazo hukuzimaliza kwa sababu mzunguko ulikwisha.

Staili nayo isibanwe kwenye kona ya polepole. Mchezaji anaweza kuchagua kasi iwe ndiyo staili yake, aijenge juu ya mdundo wa haraka, asimame wima bila madoido. Mwingine atachagua mbinu ambazo uzi unarushwa ukiwa umelegea, uchore duara hewani kabla ya kutua, na hizo huhitaji pumzi kidogo ili zionekane. Wote wawili wana staili. Mikogo ya mabega na tabasamu kwa watazamaji ni sehemu ndogo tu ya jambo hilo.

Kwa hiyo, ukimwona kijana anayekwenda taratibu ukapendezwa, mwambie mbinu zake zinaonekana vizuri. Hiyo ni sifa ya kweli. Neno laini liweke mpaka umetazama kiganja chake. Na yule anayekimbia, kabla hujamwambia apunguze mwendo, angalia kwanza kama yoyo yake bado iko wima, haijainama, mwishoni mwa mbinu. Kama iko wima, muache akimbie.