Gari Likichemsha Kitonga

Desemba ikifika katikati, simu zangu za mchana huwa za aina moja. Mtu ametoka Dar alfajiri, anakwenda kula Krismasi kwao Iringa, Njombe au Mbeya, gari limejaa watoto na mizigo, na sasa limesimama Kitonga linafuka mvuke mbele. "Fundi, jana lilikuwa zima kabisa!" Jana lilikuwa linazunguka Kinondoni na abiria mmoja.

Mlima wa Kitonga hauzibi rejeta ya mtu. Ila ukifika pale na rejeta iliyoziba nusu, utajua. Ukishamaliza Mikumi unaingia bonde la mibuyu na joto lake, unapita Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, halafu barabara inaanza kupanda kwa kona kali kuelekea Ilula. Mbele yako kuna lori la Zambia au la Kongo linatambaa. Injini inavuta kwa nguvu zake zote, na upepo wa kuipoza rejeta hakuna. Kwenye tambarare, ukienda kilomita 80 kwa saa, upepo unaficha ubovu wa feni. Mlimani hakuna wa kumfichia mwenzake.

Kuna chanzo kimoja ambacho wenye magari wengi hawakifikirii: themostati iliyotolewa, yaani ile valvu ya maji inayofunguka injini ikipata moto. Mafundi wenzangu wataninunia, lakini hii habari ya "nchi zetu za joto haihitajiki" imeua injini nyingi. Kwenye injini nyingi kifaa hicho kina kazi mbili. Kikifunguka kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta, upande wa pili kinaziba njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini bila kupoa. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Mjini hutaona tofauti, labda mafuta tu yanaisha upesi kwa kuwa injini haifikii joto lake. Pakia watu watano na mabegi uanze kupanda: sehemu ya maji inazunguka bila kuonja rejeta, na hapo ndipo unanipigia.

Mshale wa joto nao usiutegemee sana. Kwenye magari mengi umepangwa ukae katikati hata joto likipanda kidogo. Ukiuona umetoka hapo, tatizo limeshaanza muda. Magari madogo mengi hayana mshale kabisa, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Na mshale ukipanda kisha ukaanguka wenyewe ghafla, usishangilie. Huenda maji yameisha na kinachopimwa sasa ni hewa.

Sasa, uzime au usizime? Inategemea umeona nini. Mshale umeanza kupanda, mvuke hakuna: zima AC, washa hita hadi mwisho (ndiyo, mtatoka jasho, hita ni rejeta ndogo, inaondoa joto kwenye injini), tafuta pa kuegesha nje ya barabara, uache injini ikiunguruma taratibu ili pampu na feni viendelee kufanya kazi. Ukishaona mvuke, au taa nyekundu imekataa kuzimika, au maji yanamwagika chini, zima papo hapo. Pampu isiyo na maji haipozi chochote.

Weka pembetatu mbali nyuma, na matawi kama kona inakuficha. Kama umeweka mawe kwenye magurudumu, yaondoe ukiondoka. Madereva wanayaacha katikati ya barabara, na usiku dereva mwingine anayakuta.

Mfuniko wa rejeta usiuguse. Maji yaliyofungwa mle yana mgandamizo, ndiyo maana yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, mgandamizo unatoka na yanageuka mvuke usoni kwako. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuishika hozi ya juu (mpira wa maji wa rejeta) kwa mkono bila kuuondoa. Ndipo uweke kitambaa, uzungushe mfuniko kidogo, uache upumue, kisha ufungue. Washa injini, mimina maji kidogo kidogo. Maji ya baridi yakiingia kwa mkupuo kwenye hedi (sehemu ya juu ya injini) ya alumini yenye moto, hedi inapinda, na ikipinda kwa unene wa unywele tu gaskiti inayoziba chini yake imekwenda. Maji ya kunywa au ya bomba yanafaa kukufikisha. Ukifika yamwage, uweke kulanti, maji maalumu ya rejeta.

Kama hozi imepasuka karibu na ncha, kata kipande kibovu uirudishe na kufunga klipu. Ikipasukia katikati, kausha, zungushia mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe, ukaze sana, halafu acha mfuniko wa rejeta haujakaza hadi mwisho ili mgandamizo usijengeke. Nenda polepole, ukiongeza maji njiani.

Baada ya kujaza, tazama ndani ya rejeta injini ikiwaka. Mapovu ya mwanzo ni hewa inatoka. Yasipokoma, na bomba la moshi linatoa moshi mweupe mzito, au mafuta ya injini yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, huenda gaskiti ya hedi imekwenda; safari imeishia hapo. Tafuta gari la kubeba. Gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba hadi Iringa magurudumu yanayovuta yakiwa chini: injini ikizimwa pampu ya giaboksi haisukumi mafuta, na utafika ukiwa na vitu viwili vya kutengeneza.