Mwezi ukipatwa, nani anauona?

Kila mara mwezi wa angani unapokaribia kupatwa, swali ni lile lile: kwetu tutauona? Ujumbe unazunguka kwenye simu, wengine wanakaa nje hadi shingo zinauma, na hakuna kinachotokea. Jibu si gumu, na mtu anaweza kulipata mwenyewe kwa kila mji.

Mwezi hupatwa dunia inapokaa katikati yake na jua, kivuli cha dunia kikauangukia. Kivuli hicho kiko huko juu kwenye mwezi wenyewe. Kwa hiyo hatua zake zinatokea kwa wakati mmoja kwa watu wote, na yeyote mwenye mwezi angani saa hiyo anaona kile kile anachokiona mwenzake wa nchi nyingine. Jua kupatwa ni jambo jingine kabisa. Septemba 1, 2016 watu walisafiri hadi Rujewa, Mbarali, mkoani Mbeya, kwa sababu pete ya jua, yaani jua lililozibwa katikati likabaki ukingo unaong'aa, ilionekana katika ukanda mwembamba tu. Kwa mwezi huna haja ya kusafiri. Unachohitaji kujua ni kama wakati kivuli kinapita, mwezi uko juu kwenu au umeshazama.

Hapo kuna kanuni moja inayorahisisha kila kitu. Mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu, katikati ya mwezi wa Kiislamu, na mwezi mpevu hukaa upande unaokabiliana na jua. Jua likizama, wenyewe unachomoza. Jua likichomoza, wenyewe unazama. Basi huhitaji jedwali la wanaanga. Ratiba ya swala iliyobandikwa ukutani inatosha: tazama magharibi ni saa ngapi na jua linachomoza saa ngapi. Saa za kupatwa zikiangukia kati ya hizo mbili, utaona. Zikiangukia mchana, hutaona hata kama mbingu ni nyeupe. Ndivyo ilivyokuwa Machi 3, 2026: mwezi ulimezwa wote, ila kwa Afrika Mashariki ilikuwa saa 8 mchana.

Mfano mzuri zaidi ni Agosti 28, 2026, kwa kuwa mpaka wa kuona na kutoona unapita katikati ya nchi za Waswahili. Siku hiyo kivuli kinafunika zaidi ya asilimia 90 ya upana wa mwezi. Dar es Salaam kinaanza kuumega saa 11:34 alfajiri na kilele ni saa 1:13 asubuhi, lakini mwezi unazama saa 12 na nusu kasoro. Mtu wa Dar anapata dakika kama 50, na mwezi unamtoka ukiwa umeliwa nusu na ushei. Bukavu, mashariki mwa Kongo, saa zao ziko nyuma kwa saa moja: kivuli kinaingia saa 10:34 alfajiri na mwezi unazama mnamo saa 12, dakika chache tu kabla ya kilele. Kinshasa wanakiona kilele chenyewe. Muscat, Oman, kivuli kinafika saa 12:34 asubuhi, jua limeshatoka na mwezi umeshakwenda zake. Ni tukio moja, na kila mji una fungu lake.

Ndiyo maana naona ni muhimu sana tangazo litaje mji na saa zake. Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wa pekee, maana swala ya kupatwa imefungamanishwa na kuona: mkiona, swalini. Picha iliyotumwa kutoka Bukavu haimfanyi mtu wa Muscat kuwa ameona.

Kuna jambo jingine linalowavunja watu moyo. Kivuli cha dunia kina sehemu mbili, hafifu kwa nje na nzito kwa ndani. Majedwali mengi huandika mwanzo pale mwezi unapogusa kile hafifu, nayo macho hayatambui chochote wakati huo. Septemba 7, 2025, kwa mfano, kivuli hafifu kiligusa saa 12:28 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, ila pembe ya mwezi ilianza kuwa nyeusi saa 1:27 usiku. Ukitaka kutazama, fuata saa ya kivuli kizito.

Usiku ule mwezi ulikuwa ndani kabisa kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52, na haukupotea, uligeuka mwekundu. Hewa inayoizunguka dunia hupinda mwanga wa jua na kuupeleka hadi ndani ya kivuli. Rangi ya buluu hutawanywa njiani, nyekundu hupenya. Wekundu ule ni mwanga wa machweo na mapambazuko yote ya dunia kwa saa hiyo, umekusanywa na kumwagwa juu ya mwezi. Kwangu hakuna maelezo mazuri kuliko hayo katika elimu yote ya anga.

Miwani haihitajiki, macho hayadhuriki. Taa za mji hazizuii. Mawingu ndiyo huharibu, na upande unaotazama. Agosti 28 mwezi uko chini magharibi, kwa hiyo Forodhani, Unguja, panafaa kuliko fukwe za Dar zinazotazama mashariki. Desemba 31, 2028 mambo yanageuka: mwezi unachomoza ukiwa umeshaanza kumegwa, na unakuwa mwekundu wote kuanzia saa 1:16 hadi saa 2:28 usiku. Hapo wenye bahari upande wa mashariki, Dar na Mombasa, ndio watakaouona mapema, ukitokea kaskazini mashariki.