Darajani bila daraja: kuutembea mji wa Unguja pande zake mbili

Daladala ikifika sokoni, konda hupiga ubavu wa gari na kuita, "Darajani! Darajani mwisho!" Abiria wanashuka na vikapu vyao, na sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza daraja lenyewe liko wapi. Mimi huanzia hapo kila nikitembeza watu. Nawapanga pembeni ya soko lililojengwa mwaka 1904, mgongo tumeupa Mkunazini, uso tumeuelekeza kwenye barabara ambayo kibao kinasema ni ya Benjamin Mkapa, na wazee bado wanaiita Creek Road. Kisha nawaambia: hapa mlipo ni ukingoni mwa bahari.

Wanacheka. Mbele yao kuna pikipiki, mikokoteni na vijana wanaouza chaja za simu. Lakini sisemi kwa mafumbo. Hapa palikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingilia Funguni upande wa kaskazini, ukapita nyuma ya mji na kushuka kuelekea Mnazi Mmoja. Maji ya bamvua yalipojaa, huu tunaouita Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa, umeshikana na Unguja kwa ukanda mwembamba tu wa nchi kavu huko kusini. Yalipokupwa, ilibaki tope na harufu yake. Aliyetaka kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kutota alipita darajani. Hori lilifukiwa kipande kwa kipande katika karne ya 20, upande wa Mnazi Mmoja ukawa viwanja, huku kukawa barabara, na daraja likakosa kazi.

Mimi nimesomea mipango miji, na katika fani yetu mtu hufundishwa kuanza na ramani. Hapa Unguja nimejifunza kuanza na majina ya mitaa, maana hayajafukiwa. Funguni: palikuwa na fungu la mchanga. Mchangani na Vikokotoni hazihitaji tafsiri. Kisiwandui nayo imebeba maneno mawili, kisiwa na ndui, na leo ukipita hapo na viatu vikavu unaweza kusahau yote mawili. Ukiyafuata majina hayo kwa miguu unaweza kuchora ufuo wa zamani kwenye daftari.

Jina linalonishughulisha zaidi ya yote ni Ng'ambo, mitaa iliyo upande wa pili wa lile hori. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na kwa Kiswahili cha kila siku ni hata nchi za nje. Mtoto wa fulani yuko ng'ambo, anasoma. Sasa anayesema "ng'ambo" amesimama wapi? Amesimama upande wa mawe, yaani Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, anatazama maji. Ajabu ni kwamba waliokaa huko nao walilichukua neno hilo, wakaviita viambo vyao wenyewe upande wa pili, na wakivuka wanasema wanakwenda mjini.

Na mimi niliingia mtego huo huo. Siku zangu za mwanzo, kabla sijajua kazi, nilikuwa na wageni kutoka bara. Tulipofika hapa Darajani nikawaambia, kwa sauti ya mtu anayejua, "Na hapa ndipo mwisho wa mji wa kihistoria." Pembeni palikuwa na barza ya kahawa. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, taratibu, akasema, "Mwisho? Na sie tunakaa wapi mwanangu, baharini?" Barza nzima ikaangua kicheko. Muuza kahawa akanisogezea kikombe na kipande cha kashata, kama mtu anayempa pole mfiwa. Tangu siku hiyo matembezi yangu hayaishii Darajani. Yanaanzia.

Tuvuke, basi.

Ukishaingia Mchangani, kwenye maduka ya kanga, unatarajia kuona mpaka: huku majumba ya mawe, kule vibanda. Huuoni vizuri, na zamani pia haukuwa safi kama tulivyofundishwa skuli. Katika karne ya 19 ndani ya upande wa mawe zilikuwamo nyumba nyingi za udongo na makuti, na Ng'ambo hazikukosekana nyumba za mawe. Kilichoukaza mpaka ni utawala wa Waingereza, ambao kwao mji ulikuwa wa Waarabu, Wahindi na Wazungu, na Ng'ambo ya "wenyeji". Maji yalikuwapo tayari. Wao wakayapa maana ya rangi na tabaka, kisha wakagawa huduma kwa kufuata maana hiyo.

Napenda kuwaonyesha watu boriti. Ndani ya jumba la mawe la Mji Mkongwe vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki mita tatu hivi. Njoo Ng'ambo kwenye nyumba ya udongo iliyobaki, angalia palipobanduka plasta: fito zimefungwa, udongo umejazwa katikati, na nguzo ni mkoko ule ule. Mpango wa nyumba ni mwingine, barza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uwani nyuma, ila mti ni mmoja. Mafundi walivuka daraja kila siku kabla watawala hawajalipigia mstari.

Waliojaza Ng'ambo ni watu wa kila aina, lakini hesabu iliongezeka sana baada ya mwaka 1897, Sultani Hamoud alipotoa amri ya kuukomesha utumwa. Wengi waliotoka mashambani na kwenye nyumba za mabwana walikuja kujenga huku. Na hapa pana jambo ambalo wapita njia hawalioni: nyumba ilikuwa yako, ardhi si yako. Ardhi ilikuwa ya wenye nacho wachache, na nyingine ya wakfu. Mwanzoni mtu aliweza kujenga bila kudaiwa kitu, au alidaiwa kidogo. Baadaye ikaja kodi ya kiwanja, ikawa inapanda. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma, wakakataa kulipa. Miaka ishirini baadaye, 1948, wachukuzi wa bandarini nao waligoma na mji mzima ukasimama, na wengi wao walikuwa wakirudi kulala huku huku. Ninapopita Vikokotoni na wageni hatuna mnara wa kuonyesha wala kibao. Nasimama tu kwenye kona, nasimulia, na mwenye duka huongezea.

Mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Alikuwa mzaliwa wa Fumba, mjini akakaa Ng'ambo, na taarab aliyoikuta ni ya Kiarabu, ya makasri. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, akasema na mambo ya watu wa mtaani kwake, kisha akaitwa kuiimba hiyo hiyo mbele ya Sultani. Nikiulizwa ni nani aliyewahi kuunganisha pande hizi mbili, huwa simtaji mhandisi yeyote.

Kutoka Mlandege tunapanda kidogo na ghafla nyumba ndogo zinakwisha. Michenzani. Njia mbili pana zinakatana kwenye mzunguko, na kandokando yamejipanga majumba marefu ya ghorofa, mengine yanafika kama mita 300, yamelala kama treni iliyokosa reli. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na wataalamu wake wakaja. Walianza na nyumba za Kikwajuni. Mpango wa kuibadili Ng'ambo yote ulitoka mwaka 1968, na Michenzani ikajengwa miaka ya 1970, wananchi wakiitwa kuchota mchanga na kubeba matofali. Mzee Karume alitaka mtu wa Ng'ambo asiendelee kuutazama mji wa mawe kwa chini, na nia hiyo naiheshimu. Lakini nachelea kusema kila kitu kilikwenda sawa. Ili kupata njia zile pana, mitaa mizima ilivunjwa, na iliyobaki ikakatwa vipande vinne. Jirani aliyekuwa hatua kumi sasa yuko nyuma ya ukuta wa nyumba, umzunguke. Wapangaji wa miji waliotoka kwenye nchi iliyokuwa imeukata Berlin kwa ukuta walikuja kuponya mji uliogawanyika, wakaacha mgawanyiko mwingine. Najua hawakukusudia. Ndiyo ilivyo.

Lifti hakuna. Kwa hiyo asubuhi ukisimama chini utaona kikapu kinateremka kwa kamba kutoka ghorofa ya tatu. Muuza mikate anachukua noti, anaweka boflo mbili na chenji, anavuta kamba mara moja, na kikapu kinapaa. Hapana neno lililosemwa. Wageni hupiga picha ya kikapu na kusahau jengo, nami siwakatazi.

Rahaleo iko hapo karibu. Kituo cha redio kilikuwa hapo, na ndipo wanamapinduzi walipoweka makao yao asubuhi ile, sauti ya kiongozi wao, John Okello, ikatoka hewani. Angalia mwelekeo: serikali ilikuwa upande wa mawe, amri zikaanza kutoka upande wa pili. Miongoni mwa vituo vilivyochelewa kuanguka ni polisi Malindi, ng'ambo ya ng'ambo. Habari za siku zile zina maumivu yake, kwa familia za pande zote, na kwenye matembezi siyasemi kwa mzaha. Baadaye majumba mengi ya mawe yaliachwa au yalitaifishwa, watu wa Ng'ambo, wa mashamba na wa Pemba wakahamia humo, na siku hizi wengine wanatoka tena kwa sababu nyumba zimekuwa hoteli. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia kwenye orodha ya UNESCO. Ng'ambo haimo, na ndiyo maana ukuta wa udongo ukidondoka huku hakuna anayeuandikia ripoti.

Tunarudi kwa Kisiwandui, alikouawa na alikozikwa Karume mwaka 1972, tunatokea Mnazi Mmoja. Ukitaka kutembea mwenyewe, viatu vyepesi na saa tatu zinatosha, lakini chagua siku ya bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, na upange ufike Mnazi Mmoja maji yamejaa. Simama kwenye ukuta wa bahari. Tazama maji yalivyopanda, kisha geuka utazame viwanja na ile barabara inayokwenda Darajani. Usiangalie majengo, angalia ardhi ilivyo chini. Maji yangekuwa na ruhusa, njia yao ni ile.